Hesabu kabla ya msamaha: kisa cha mshonaji wa Majengo

Jumapili moja ya mwezi wa nane mwaka 2021, mshonaji mmoja wa mtaa wa Majengo hapa Goma, mashariki mwa Kongo, alisimama mbele ya kanisa, akamshika mkono rafiki yake, akasema: "Nimekusamehe." Watu walipiga makofi, korali ikaimba. Kuanzia wiki ile usingizi ulimpotea, akaacha kuimba, na mikono yake ikawa inatetemeka kila akikaa kushona. Wazee wa kanisa hawakuelewa. Kama amesamehe, haya yanatoka wapi? Wengine walihitimisha kwamba alisema kwa mdomo tu, kwamba ana lile shina la uchungu la Waebrania 12:15, wakamwekea siku za kufunga na kuombewa.

Mimi nahudumu pamoja na akina mama wanaosikiliza watu wenye mizigo, na ndivyo kisa hiki kilivyotufikia. Wote wawili wamekubali kiandikwe bila majina, na mambo madogo madogo yamebadilishwa ili wasitambulike. Nakichambua kwa urefu kwa sababu moja: mama huyu aliumizwa mara ya pili na watu wanaompenda, wanaomcha Mungu, waliokuwa na Biblia mkononi. Yanayofanywa na watu wabaya tunayatambua haraka. Haya ya pili huchukua muda kuonekana, na huku kwetu yanatokea mara nyingi mno.

Yaliyotokea mwezi wa tano

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Lava ilishuka mpaka Buhene, ikala nyumba za watu, ikasimama si mbali na uwanja wa ndege. Waliokumbuka Januari 2002, wakati lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, hawakungoja tangazo. Walibeba watoto na kutoka. Siku zilizofuata ardhi ilitikisika usiku na mchana, kuta zikapasuka, barabara zikachanika. Wataalamu waliogopa kwamba moto ulikuwa unatembea chini ya mji wenyewe, na tena kwamba unaweza kuamsha gesi iliyolala chini ya Ziwa Kivu. Alhamisi tarehe 27, asubuhi, gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamwe. Majengo ilikuwa ndani ya hiyo 10. Mamia ya maelfu ya watu walitoka kwa pamoja: wengine walivuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda, wengine walijaa bandarini kutafuta boti ya Bukavu, na wengi sana walishika njia ya Sake, karibu kilomita 25, kwa miguu.

Mshonaji alikuwa peke yake na watoto wanne. Mume wake alikuwa safarini Butembo. Alikodi tshukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa, akapakia mashini yake ya mguu, mfuko wa vitenge vya wateja, godoro, na mtoto mdogo juu ya vyote. Wateja hao walikuwa tisa, wote wa arusi moja. Alipofika Ndosho, mtaa ambao haukuamriwa kuhama, alipita kwa rafiki yake wa miaka mingi. Waliimba sauti moja katika korali, na watoto wao walibatizwa siku moja.

"Dada, utafika wapi na mashini?" rafiki alimwambia. "Acha vitu hapa. Nyumba hii si yako?"

Akaacha mashini, akaacha vitenge, akaacha na bahasha ya dola 200, akiba yake yote. Aliogopa kuibiwa njiani. Sake ilikuwa imejaa, watu wanalala mashuleni, makanisani na chini ya miti. Familia moja asiyoijua ilimpa chumba.

Aliporudi mwezi wa sita, rafiki alimpokea kwa kilio: wezi walivunja mlango usiku, walibeba vyote. Mshonaji aliamini, hata akamfariji. Wiki kadhaa zikapita, kisha mteja mmoja akaona kitenge chake kimetundikwa kwa mchuuzi wa Birere, eneo la biashara hapa mjini. Mchuuzi alisema wazi nani alimuuzia. Mambo yakafunguka: mashini iliuzwa, vitenge viliuzwa kimoja kimoja, bahasha ilitumika.

Ni haki na upande wa rafiki uandikwe. Wiki ile nyumba yake iliingiwa na watu 13 waliokimbia, juu ya watoto wake mwenyewe. Maji na unga vilipanda bei, na biashara yake ya makala, yaani makaa ya kupikia, ilisimama. Alianza kwa kuchukua dola 20 kwenye bahasha, akijua atarudisha. "Sikuiba nijenge nyumba," alituambia baadaye. "Nililisha watu." Ni kweli alilisha watu. Ni kweli pia kwamba alibuni wezi, akavunja kufuli ya mlango wake mwenyewe kwa jiwe, na akakubali kufarijiwa na mtu aliyemwibia. Anayetaka kumsaidia mama huyu asishike kweli moja na kuacha nyingine.

Ukurasa uliosomwa nusu

Habari ilipowafikia wazee wa kanisa, walifanya haraka, na nia yao ilikuwa njema. Korali ilikuwa imeanza kugawanyika na mji wote ulikuwa umechoka. Ijumaa waliwaita wote wawili, wakasoma Waefeso 4, wakaomba. Jumapili wakawasimamisha mbele. Ijumaa hiyo hakuna aliyeuliza ni vitu gani vilipotea wala vina thamani gani. Mshonaji alipoanza kutaja vitenge vya wateja, mzee mmoja alimkatiza kwa upole: "Mama, mambo ya vitu tuyaache. Roho inapita mashini."

Turudi kwenye sura ile ile. Mstari wa 26 unasema jua lisichwe tukiwa bado na hasira. Mstari wa 32 unasema tusameheane kama Mungu alivyotusamehe katika Kristo. Hayo ni maneno ya Mungu na hakuna ruhusa ya kuyapunguza. Lakini mstari wa 25 unaanza kwa kuamuru uongo uvuliwe, kila mtu aseme kweli na jirani yake. Na mstari wa 28, hapo katikati, unamgeukia aliyeiba: asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake mwenyewe, apate kitu cha kumgawia mhitaji. Paulo aliwaweka aliyeiba na aliyeibiwa katika ukurasa mmoja. Ijumaa ile ukurasa ulisomwa nusu, na nusu iliyosomwa ilimwangukia yote aliyeibiwa.

Hii ni desturi mbaya iliyotuingia. Mahubiri mengi ya msamaha huelekezwa kwa mtu aliyeumizwa: samehe, achilia, usibebe. Lakini katika Mathayo 5:23-24 Yesu anazungumza na mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Huyo anaambiwa aache sadaka pale pale, aende akapatane kwanza. Anayetumwa kutembea hapo ni mkosaji. Ni lini umesikia mahubiri yanayomwomba mtu atoke kanisani na sadaka yake mkononi, apande pikipiki, aende kubisha hodi kwa jirani aliyemdhulumu?

Jambo la pili ni mahali. Yusufu alipojitambulisha kwa ndugu zake waliomuuza, Mwanzo 45:1 inasema aliamuru kila mtu atoke kwanza. Hakuna Mmisri aliyekaa kutazama. Naye Bwana, katika Mathayo 18:15, anaagiza maneno ya kwanza yasemwe kati ya wawili hao peke yao. Kanisa lina nafasi yake, lakini mistari hiyo inaiweka mwishoni, baada ya hatua nyingine kushindikana. Mshonaji wetu alianzishiwa mwishoni. Mbele ya watu mia kadhaa, na kipaza sauti kikiwa midomoni pake, angesema nini tofauti?

Yeremia alilia juu ya viongozi walioponya jeraha la watu wake juu juu tu, wakisema amani, amani, na amani haipo (6:14). Sioni maneno yanayoieleza Jumapili ile vizuri kuliko hayo.

Alichopoteza mama huyu

Ukimuuliza mtu wa nje, atakwambia mama aliibiwa mashini. Ndivyo wazee walivyoona, na ndiyo maana waliweza kusema "tuyaache". Tulipokaa naye na kusikiliza bila haraka, tuliona hasara ilikuwa na tabaka.

Vitu ni tabaka la juu. Chini yake kulikuwa na jina lake. Wateja tisa walidai vitenge vyao kwake yeye, maana ndiye waliyemkabidhi. Arusi ilipita na sare haikuvaliwa. Wengine walisema sokoni kwamba volkano imekuwa kisingizio cha washonaji. Hapa ndipo Jumapili ya makofi ilipomdhuru zaidi: baada ya kutamka msamaha mbele ya watu wote, hakuweza tena kueleza nani alichukua vitenge. Kila akijaribu, aliambiwa anarudisha yaliyosamehewa. Aibu iliyopaswa kubebwa na mwingine ilibaki juu ya kichwa chake, na msamaha wenyewe ukageuka kufuli ya mdomo wake.

Chini kabisa kulikuwa na kitu alichokitaja mwisho, huku akiangalia chini: "Mimi ndiye nilimchagua." Alikuwa amepita nyumba nyingi kati ya Majengo na Ndosho. Aliona kwamba akili yake ya kutambua watu imekufa, na kama imekufa, anawezaje kuamua jambo lolote? Hapo ndipo kutojiamini kulipoanzia, kukashuka mpaka mikononi. Alipima kiuno cha mteja mara tatu, akaandika namba, akaifuta. Alikata kitambaa kombo, yeye aliyeshona tangu akiwa msichana. Mwisho alianza kurudisha kazi: "Nendeni kwa mwingine, mimi siwezi tena."

Zaburi 55 inalijua jambo hili. Mwimbaji anasema angekuwa adui aliyemtukana, angevumilia. Kumbe ni mwenzake, rafiki aliyejuana naye sana, aliyetembea naye kwenda nyumbani kwa Mungu. Tulimsomea mistari hiyo, ya 12 hadi 14, bila kuongeza mahubiri. Aliomba isomwe tena. Alisema hakujua kwamba Biblia inaruhusu mtu kulia hivyo juu ya mtu wa kanisa.

Kuhusu mwili wake, kwanza tulimpeleka kituo cha afya. Kichwa kilimuuma, moyo ulienda mbio, tumbo lilijikaza. Alipimwa malaria, presha na mengine, hakukutwa na ugonjwa. Muuguzi mmoja mwenye busara alimweleza kwamba mtu aliyepita matetemeko, kukimbia na kusalitiwa, vyote ndani ya miezi mitatu, mwili wake hubaki umesimama tayari kukimbia hata akiwa kitandani. Maelezo hayo yalimpunguzia mzigo mkubwa, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba kutetemeka ni dalili ya roho ya uchungu. Nawasihi wenzangu wa huduma: tusimfungishe mtu ambaye hajala wala hajalala vizuri kwa wiki nyingi. Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, malaika alimgusa ale, akalala, akamgusa tena ale, ndipo safari ya kwenda kukutana na Mungu ikaanza (1 Wafalme 19). Na mtu akianza kusema hataki kuishi, apelekwe kwa waganga wa hospitali siku hiyo hiyo, maombi yakimfuata huko.

Kaye

Katika kundi letu kuna mama shemasi mzee ambaye aliwahi kuweka vitabu vya biashara ya mume wake kwa miaka mingi. Alisikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelitamka: "Binti yangu, hesabu iko wapi?"

Mshonaji alishtuka. Alidhani kuhesabu ni kinyume cha kusamehe.

Mama shemasi akafungua Mathayo 18:23. Mfano ule tunaupenda kwa sababu ya mwisho wake, mtumwa mbaya aliyekataa kumsamehe mwenzake. Lakini unaanza na mfalme aliyetaka kufanya hesabu na watumwa wake. Deni lililetwa mezani likatajwa: talanta elfu kumi. Baada ya kutajwa ndipo likafutwa. Hata deni la mtumwa wa pili lina kiasi chake, dinari mia. Mfalme alijua anachofuta. Mshonaji wetu aliambiwa afute deni ambalo hakuna aliyekubali kulisoma.

Wakanunua kaye ya shule, yaani daftari. Ukurasa wa kwanza waliandika mashini ya mguu, dola 140. Vitenge 9, kwa bei ya dola 12 kimoja, dola 108. Bahasha, dola 200. Jumla dola 448. Ukurasa wa pili waliandika yasiyo na bei: arusi iliyopita bila sare, jina langu sokoni, usiku ninaoamka, uongo wa wezi, machozi niliyomfuta mwenye uongo. Aliandika mwenyewe, na mwandiko wa ukurasa wa pili unasomeka vizuri kuliko wa kwanza. Alipomaliza aliomba kwenda kulala, akalala mchana kutwa.

Ukurasa huo wa pili nauona kuwa mlango wa uponyaji wake. Wengi wanaogopa kuuandika wakidhani ni kuweka kumbukumbu ya mabaya. Anayeweka kumbukumbu ya mabaya anaificha ili aitumie siku moja. Mama huyu aliweka yake wazi mbele za Mungu na mashahidi, apate kujua ni nini hasa anaombwa kukiachilia.

Kikao cha Ndosho

Kikao kilifanyika nyumbani kwa rafiki, Jumanne, bila kanisa kujua. Walikuwepo wao wawili, waume zao, mama shemasi na mzee mmoja, yule yule aliyesema mambo ya vitu yaachwe. Alikuwa amesoma sura zake upya na akaomba kuja.

Mshonaji alisoma kurasa zote mbili. Rafiki alijitetea mara moja, juu ya watu 13, na hakuna aliyembishia. Kisha mama shemasi akamuuliza: "Na wezi?" Akanyamaza muda mrefu. Akasema: "Hawakuwepo. Kufuli nilivunja mimi." Hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli tangu mwezi wa sita, na mshonaji alituambia baadaye kwamba lilimfanyia kazi kubwa kuliko yale makofi yote.

Walawi 6 inazungumza moja kwa moja juu ya jambo hili, mtu anayemdanganya mwenzake katika amana aliyowekewa. Inaagiza arudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano, siku ile ile anayoleta sadaka yake ya hatia. Zakayo alijua sheria za namna hiyo, akajiwekea kubwa zaidi: mara nne. Rafiki hakuwa na kitu cha kulipa kwa mara moja, makala ya Ndosho hayatajirishi mtu. Walikubaliana dola 15 kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya mashini na vitenge. Miezi miwili ya mwanzo, mzee yule alilipa kutoka mfuko wake, akaandika jina lake kwenye kaye. Paulo alifanya hivyo kwa ajili ya mtumwa Onesimo, akimwandikia bwana wake Filemoni: kama amekukosea au unamdai kitu, kiandike juu yangu, mimi nitalipa. Kanisa linalotaka watu wasameheane lingefaa kuwa na mfuko unaofunguka wakati kama huo.

Lakini pendekezo lililogeuza kikao lilitoka kwa rafiki mwenyewe. Alisema ataenda kwa wateja wote tisa, nyumba kwa nyumba, aseme nani alichukua vitenge. Mume wake alijaribu kumzuia, kwa ajili ya aibu. Alienda. Ilimchukua wiki mbili, maana wengine walikuwa wamehama, mmoja mpaka Mugunga. Kwangu mimi, safari ile ndiyo ilikuwa sehemu yake ya tano. Alimrudishia mwenzake jina, kitu ambacho hakuna dola zingekinunua, na nasema bila kusita kwamba kwa kutembea vile alianza kupona na yeye. Aliyeficha kosa naye ni mgonjwa. Makofi ya Jumapili yalimwacha na uongo wake tumboni.

Hakuna aliyemwuliza mshonaji jioni ile kama amesamehe. Mama shemasi alikataza.

Mikono kurudi kazini

Everett Worthington, mwanasaikolojia Mkristo wa Marekani, alichunguza msamaha kwa miaka mingi, naye mwenyewe alipitia moto: mama yake aliuawa ndani ya nyumba yake usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1996. Anatofautisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia. Mtu anaweza kuamua leo kwamba hatalipiza, na uamuzi huo ukawa wa kweli kabisa, huku moyo ukichukua muda mrefu kufuata. Mshonaji alikuwa ameshaamua tangu mwanzo. Hakuwahi kumlaani mwenzake wala kutafuta kumharibia. Wazee walipoona moyo haujafika, walimshitaki kwamba hata uamuzi haukuwepo, na hiyo ilikuwa dhuluma.

Kujiamini kulirudi kwa njia yake. Tangu mwanzo watu walimtia moyo kwa mstari wa 2 Timotheo 1:7, kwamba Mungu hakutupa roho ya woga. Aliuamini, lakini mikono ilitetemeka bado. Albert Bandura, aliyeandika mwaka 1977 juu ya imani ya mtu katika uwezo wake mwenyewe, aliona kwamba maneno ya kutia moyo husaidia kiasi, ila kinachojenga zaidi ni kufanya kitu na kukiona kimefanikiwa. Maandiko yanakwenda njia hiyo pia. Musa aliposema "mimi ni nani", Mungu alimwahidi kuwa pamoja naye, na alipozidi kusita akamuuliza ana nini mkononi, akamwambia aitupe ile fimbo chini.

Basi hatukumwambia ashone gauni la arusi. Mama mmoja wa kundi alimwazima mashini na kumletea sketi ya bluu ya shule ya mtoto wake, pindo lilikuwa limefumuka. Kazi ya dakika chache. Siku nyingine shati jeupe, vifungo tu. Kisha sare nzima ya mtoto mdogo, ambaye hata kama imezidi kidogo atakua ndani yake. Kila kazi alilipwa kiasi cha haki, tulikataa asaidiwe kwa huruma. Kabla ya shule kufunguliwa alikuwa na sare za watoto wa avenyu nzima, na mikono ilikuwa imetulia bila mtu kugundua ni siku gani ilitulia.

Lile la "mimi ndiye nilimchagua" lilihitaji kazi nyingine. Mama shemasi alimwomba aandike katika kaye ile ile watu wote aliowaamini tangu tarehe 22 Mei. Mwenye tshukudu aliyemsukumia mtoto mpaka Sake na kukataa pesa ya ziada. Familia ya Sake. Mwalimu aliyewapikia watoto uji. Jirani wa Majengo aliyebaki na ufunguo wa nyumba na kuurudisha. Orodha ilijaza ukurasa. Ilionekana kwamba katika siku ngumu kuliko zote alichagua vizuri karibu kila mara, na akakosea kwa mtu mmoja, ambaye miaka mingi hakumpa sababu ya kumshuku. Akili yake haikuwa imekufa.

Alichosamehe, na alichobaki nacho

Mashini na vitenge vilichukua zaidi ya mwaka kulipwa. Siku dola za mwisho zilipofika, mshonaji alifungua ukurasa wa kwanza, akapiga mstari juu ya zile dola 200 za bahasha, akamwambia rafiki kwamba hizo watoto wa wale watu 13 walizila, basi zimeisha. Hakuna aliyemsukuma, hakukuwa na kipaza sauti. Mume wake hakufurahi, na alisema hivyo.

Watu huuliza kama urafiki umerudi. Wanasalimiana, wanatembeleana kwenye misiba, na mshonaji amerudi kuimba, wakisimama safu tofauti. Mwaka 2023 rafiki alipolazwa, mshonaji alimpelekea uji na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Lakini amesema wazi kwamba hawezi kumwachia tena kitu cha thamani, na haoni kwamba anatenda dhambi. Namuunga mkono. Yusufu aliwapa ndugu zake chakula mapema sana, na aliwalilia kwa siri tangu sura ya 42, lakini hakujifunua kwao mpaka alipomsikia Yuda akijitoa abaki mtumwa badala ya Benyamini. Msamaha ulikuwa umeshaanza moyoni mwake. Kuwafungulia nyumba yake kulingoja aone wamebadilika.

Wazee wa kanisa lile sasa hawamsimamishi mtu mbele kabla ya kikao cha siri na hesabu iliyoandikwa. Wameombwa pia kwamba mahubiri ya Mathayo 5 yahubiriwe mara nyingi kama yale ya Mathayo 18. Hilo la pili linaenda polepole.

Kati ya wale wateja tisa, wanane walirudi kushonesha. Wa tisa ndiye aliyekuwa bibi arusi. Alilipwa thamani ya kitenge chake, akapokea, akamsikiliza rafiki mpaka mwisho, akasema bado hawezi kusamehe. Mama shemasi anamtembelea mara kwa mara. Anakunywa chai naye, anauliza habari za mtoto, na jambo la kitenge analiacha mpaka mwenyewe alitaje.